Lona wa Akiri

Wasifu wa dada yangu ulisomwa chini ya hema huko Mayoni, kwenye boma la mume wake, na kijana wa kanisa mwenye sauti nzuri. Alipofika pale palipoandikwa kwamba marehemu alisoma hadi darasa la saba, akaacha kwa kuwa masomo yalimlemea, wanawake waliokaa nyuma yangu waliguna kwa huruma, na mmoja akamwambia mwenzake, "Na huyu pacha wake ni mwarimu wa warimu. Mungu hagawanyangi sawa." Sentensi ile niliiandika mimi. Niliiandika nyumbani kwangu Kakamega, nikaisoma mara mbili nikitafuta makosa ya tahajia, na sikuyaona. Kazi yangu ni kufundisha saikolojia ya elimu katika chuo cha walimu. Kila mwaka nawaambia vijana kwamba alama za jaribio la akili hazisemi mtoto ana nini kichwani. Zinasema alijibu nini siku ile, mbele ya mtu yule, katika chumba kile. Wao huandika. Wananipenda, nadhani, maana jambo hilo nalisema kwa uchungu, na vijana hudhani uchungu wa mwalimu ni mapenzi ya somo. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimelitoa wapi. Nimelitoa mwaka 1994, tulipokuwa na miaka kumi na minne, na nitaueleza mwaka huo bila kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa sababu aliyestahili kuombwa radhi amekwisha kuzikwa na sina tena wa kumwogopa.

Habari za wazazi wetu nitaziruka. Inatosha kusema tulikuwa tukiishi kwa senje, yaani dada yake baba, upande wa Kabras, katika nyumba ya mabati yenye vyumba viwili ambayo miwa ilikuwa imeizingira pande tatu. Dada yangu alizaliwa kwanza, mimi nikamfuata, kwa hiyo yeye alikuwa Mukhwana na mimi Mulongo, na nyumbani tuliitwa hivyo. Lakini mapacha wote kwetu ni Mukhwana na Mulongo, na shule na kanisa hutaka jina jingine. Aliyetubatiza alikuwa mgeni kutoka mbali, mtu ambaye ulimi wake uliweka r mahali pake na l mahali pake. Akaona pacha wanapendeza wakiwa na majina yanayokaribiana, akampa dada yangu Rona, mimi akanipa Lona. Kwake yalikuwa majina mawili. Kwetu lilikuwa moja. Mwalimu akiita mmoja tulisimama wote wawili, darasa likacheka, tukacheka nalo. Hata dada yangu mwenyewe, ukimuuliza anaitwa nani, alijibu, "Naitwa Lona." Sura tulifanana mpaka walimu walitutofautisha kwa sweta, lake likiwa na kiraka kwenye kiwiko. Na darasani hatukuwa na wa mbele wala wa nyuma; muhula huu yeye, muhula ule mimi, na hakuna aliyehesabu.

Aliyeanza kuhesabu ni mume wa senje, tuliyemwita Baba Ezeki. Ilikuwa jioni ya Januari, tunakula obusuma, yaani ugali, kwa mboga ya mrenda, senje ameketi kando akijinyoosha mgongo ambao haukupona tangu alipojifungua mtoto wake wa mwisho. Baba Ezeki alimaliza tonge lake, akanawa mikono, akasema bila kutuangalia, "Mwaka kesho mmoja wenu ataingia darasa ya nane afanye mtihani. Mmoja atabaki hapa asaidie senje yenu. Mimi sichaguangi. Mwenye akiri ndio ataendelea." Senje alisema labda tungoje tuone. Akamjibu kwamba ndiyo hivyo, tutangoja tuone. Mimi na Rona tuliendelea kula katika sahani moja kama siku zote, ila nakumbuka nilianza kuangalia mkono wake unachota mboga kiasi gani. Nilikuwa sijawahi kumwangalia hivyo.

Mwezi wa Februari akaja Daktari Mwanaisha. Alikuwa mwanamke wa Pwani, mwembamba, mwenye leso mbili begani hata kwenye baridi yetu ya asubuhi, na alikuwa akifanya utafiti juu ya namna watoto wanavyofikiri na kujifunza. Alipanga chumba Kakamega mjini na kila siku alikuja shuleni kwetu kupima darasa la saba, mtoto mmoja mmoja, katika stoo ya majembe. Chumba kilikuwa na dirisha moja na harufu ya mbegu za mahindi zilizopakwa dawa. Alitandika kitambaa juu ya meza, akaweka saa yake ya kupimia muda, daftari, na kisanduku cha vipande vya mbao vyenye pande nyekundu na pande nyeupe. Nilipoingia akaniuliza, "Wewe ni Rona au Lona?" Nikasema, "Lona." Akaniomba niseme tena. Nikasema tena. Akatabasamu, akanieleza kwa upole mahali pa kuuweka ulimi, akasema ro, akasema lo, akanitaka nimfuate, nami nikamfuata mpaka, siku ile kwa mara ya kwanza maishani, nikasikia kwamba mimi na dada yangu tuna majina mawili. Alifurahi sana. Hakujua kwamba kwa zile dakika tatu za wema alikuwa amenimaliza. Kutoka hapo nilikuwa nawaza ulimi wangu tu. Tarakimu alizonisomea nizirudie kinyumenyume zilinitoka. Vipande vya mbao nilivigeuza mpaka saa ikalia, na picha ya kufananisha haikutokea. Aliniuliza mahari ni nini. Nikamwambia ni pale mtu anapokaa. Akaandika kitu, hakucheka, na kule kutocheka kwake kukaniuma zaidi.

Rona aliingia baada yangu, akakaa ndani muda mrefu. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani alikuwa mtu mwenye furaha. Aliokota magunzi, akayapanga chini akinionyesha jinsi ya kupata ile picha ya tatu, ambayo mimi sikufika hata kuiona. "Nilitaka aniongezee ingine," alisema. "Ni kama mchezo. Kisha akaniuliza mahari ni nini. Nikamuuliza, ni ile ya ng'ombe ama ni ile ya kukaa? Akacheka mpaka akashika meza." Nilimwambia anyamaze, ananichelewesha. Nilijua, pale pale njiani, nani atabaki na senje. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo na najua kueleza kwa nini mtoto mwenye hofu hushindwa na mbao nane. Siku ile sikujua. Nilichojua ni kwamba dada yangu ana kitu ambacho mimi sina, na nilimchukia kwa hilo wakati ameshika magunzi mkononi akiniuliza kama nimeelewa.

Daktari Mwanaisha alipomaliza alifanya kosa moja la maadili ya kazi yake. Alimwachia mwalimu mkuu nakala ya orodha, akamwomba aifungie kabatini, akimweleza kwamba si mtihani, hakuna aliyepita wala aliyeanguka. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alikuwa safarini, na kabati likawa mikononi mwa naibu wake, Mwalimu Andayi. Mwalimu Andayi alipenda orodha za kila aina. Asubuhi moja ya Machi, kwenye gwaride, tukiwa tumepanga mistari mbele ya bendera, aliitoa mfukoni. "Daktari amepima vichwa yenu," alisema. "Sasa tutajua nani anakulanga tu chakura ya bure hapa. Naanza juu. Namba moja ni Lona. Kuja mbele." Rona alikuwa kushoto kwangu. Alinigeukia, kama tulivyozoea, tuangaliane kwanza tujue ni nani kati yetu anayetakiwa. Sikumwangalia. Nilitoka mstarini nikaenda mbele. Ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu usingizini mara nyingi. Mwalimu Andayi alinishika mkono, akaniinua juu kidogo watu wanione, wakapiga makofi, na makofi hayo yalikuwa matamu. Sitasema uongo juu ya hilo. Kisha akasoma majina mengine, moja baada ya jingine, mpaka chini kabisa ambako watoto walikuwa wameshaanza kucheka kabla hawajaitwa, na hapo akasema, "Na Lona ule mwingine. Kumbe mko wawiri, mmoja wa akiri na mmoja wa bure." Rona alienda mbele. Wale watano wa mwisho walipangwa upande wa jua. Mwalimu Andayi akatangaza kwamba shule haiwezi kuharibu wastani wake kwa ajili ya vichwa vigumu, na kuanzia siku hiyo wale watano watarudi darasa la tano wakaanze upya.

Rona alinipata kwenye njia ya kisimani, jua likiwa bado juu. Hakuwa na hasira, alikuwa anaeleza tu, jinsi mtu anavyomweleza mwenzake aliyechukua kiatu kisicho chake. "Mulongo, ile ya juu ilikuwa yangu." Nikamwambia akaseme nyumbani. Mwalimu Andayi alikuwa amenipa kijikaratasi nimpelekee Baba Ezeki, jina limepigwa taipu kwa herufi kubwa, na herufi ya kwanza ilikuwa R. Niliiona. Ningeweza kukitupa kijikaratasi kisimani, lakini nilimpa Baba Ezeki mkononi, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa kitu ambacho dada yangu, kwa akili zake zote, hakukielewa. Baba Ezeki alikisogeza kwenye mwanga wa mlango akasoma, "Lona." Rona akasema, "Baba, angaria vizuri. Si Lona. Ni Lona." Baba Ezeki akamtazama. "Ndio nasema hivyo. Ni Lona." Rona akaweka kidole juu ya herufi. "Hii ni yangu. Ni mimi. Lona." Alilisema mara tatu, mara nne, kwa nguvu zaidi kila mara, na kila mara ulimi wake ulinipa mimi. Senje alikuwa akichambua mboga, akauliza kama hizo herufi mbili si tofauti. Baba Ezeki akamjibu kwamba karani huandika anavyotaka, hata mke wa ndugu yake ni Rose na kwenye kitambulisho ameandikwa Lose, na hajawahi kuwa watu wawili kwa sababu hiyo. Kisha akanigeukia mimi. "Nani aliitwa mbele?" Nikasema ni mimi niliyeitwa. Kinywani mwangu nilikuwa na ule ulimi mpya aliouacha Daktari. Ningesema ro, mara moja tu, na wote mle ndani wangesikia. Nilisema kwamba nina njaa.

Baada ya hapo sikuhitaji kudanganya tena, kazi ilifanywa na watu wengine. Rona alikaa na watoto wa darasa la tano kwenye dawati ambalo magoti yake hayakuingia chini yake, na mwalimu wa pale, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwuliza mambo polepole na kwa sauti kubwa kama anayesema na kiziwi. Akichelewa kujibu walisema ndiyo hivyo alivyo. Akiwahi kujibu walisema amekariri. Nyumbani alipewa mtoto abebe, maana mwenye akiri anasoma. Mayai yakipatikana mimi nilikula yai zima siku za mtihani. Nilianza kuketi mezani na Baba Ezeki kwenye chumba cha mbele, na chakula alikuwa akitupakulia Rona. Nilimsahihisha Kiswahili chake mbele ya wageni. Siku moja alikosea kubeba vitabu vyangu, akaleta vya jana, nami nikamwita Bure mbele ya wasichana wa darasa langu. Aliitika. Siku hiyo niliona kwamba limekuwa jina lake, na nilipoona sikuacha kulitumia.

Kuna mazungumzo ambayo sote wawili tuliyasikia, na hayo nayakumbuka kuliko matusi. Ilikuwa Julai, tumekaa nyuma ya jiko, Rona anamenya viazi vitamu na mimi nina kitabu. Ndani senje alikuwa anazungumza na jirani aliyekuja kuomba moto. Jirani aliuliza mbona pacha mmoja tu ndiye anasoma. Senje akapunguza sauti, lakini ukuta wa udongo wa jiko hauzuii kitu. "Akiri ya mapacha ni moja," alisema. "Wanagawanyanga huko tumboni. Huyu mdogo alivuta yote, huyu mkubwa akabakia na maganda. Nilikuwa namuoneanga huruma zamani, nikidhani ni uvivu. Kumbe ni kuumbwa." Jirani akasema pole. Rona aliacha kumenya. Aliangalia kiazi alichoshika kwa muda, halafu akaendelea, na hakunitazama. Mpaka wiki ile alikuwa bado akinionyesha, mara moja moja, hesabu niliyokosea nikiliacha daftari wazi. Hakunionyesha tena. Najua leo kwamba nilimwona dada yangu akiamini, yaani niliona dakika yenyewe, na katika kazi yangu yote ya kufundisha jinsi watu wanavyojifunza sijaona mtu akijifunza kitu kwa ukamilifu namna ile. Nilichofanya ni kufungua ukurasa mwingine.

Watu husema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Yangu hayakuchelewa, nilikuwa nayo palepale, nikala nayo mayai. Ninachokiri ni kwamba hayakunizuia. Na kuna jambo jingine baya zaidi ambalo nimelikataa kwa miaka mingi. Nilianza kuwa na akili kweli. Mtoto anayeambiwa kila asubuhi kwamba ana kichwa, anayepewa taa na meza na kimya, hukipata hicho kichwa. Hesabu zilizonitisha Februari nilizifanya Septemba nikipiga mluzi. Kwa hiyo siwezi hata kusema kwamba maisha yangu yote ni ya wizi, kwamba kila cheti changu ni cha Rona. Vyeti ni vyangu, nilivifanyia kazi. Huwa najiuliza, kama angetoka mstarini yeye, nami nikaenda upande wa jua, angenitendea nini. Nadhani angekuwa mwema kwangu. Angekuja na daftari lake jikoni anifundishe. Nikiwaza hivyo hasira yangu humwendea yeye, na hata chini ya lile hema Mayoni ilimwendea.

Daktari Mwanaisha alirudi Oktoba kupima mara ya pili, watoto walewale, aone wamebadilika kiasi gani. Nilipoingia stoo nilisema jina langu vizuri, akapiga makofi kidogo. Niliimaliza kazi yake yote muda ukiwa umebaki. Nilipotoka alimwita Rona, akaambiwa na Mwalimu Andayi kwamba huyo ataitwa kutoka darasa la tano. Nilikuwa mlangoni, nikamsikia akiuliza mbona mtoto wa darasa la saba yuko huko. "Ni kwa sababu ya ile orodha yako, Daktari," Mwalimu Andayi alimwambia, na alidhani anamsifu. "Imetusaidia sana." Rona alikaa ndani muda mfupi tu. Halafu mlango ukafunguka, na mimi nikaitwa niingie tena.

Tulisimama mbele ya meza bega kwa bega. Vipande vya mbao vilikuwa mezani kama alivyoviacha dada yangu, vitatu vimepangwa, vingine havikuguswa. Daktari alikuwa na madaftari mawili wazi, la Februari na la Oktoba, na mkono wake ulikuwa ukienda huku na kurudi kule. "Wanangu, haya yamepindana," alisema. "Mwezi wa pili alama za juu kabisa ni za Rona. Ro-na. Leo Rona hakuweza hata picha ya kwanza. Sisemi mmekosa, nataka kujua tu. Siku ile nilikuwa nikimsomesha mwenzako jina lake, yumkini nikachanganyikiwa nikaandika la huyu kwa yule. Rona, mwanangu, nitazame. Zile alama za juu zilikuwa zako?"

Alimuuliza yeye, si mimi. Kwa miezi minane hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza dada yangu swali lile, na aliyeuliza sasa ndiye mtu pekee katika Kabras nzima ambaye masikio yake yangesikia jibu. Nilikwisha kujiona nikibeba mtoto wa senje mgongoni. Rona aliangalia zile mbao. Alizitazama kwa bidii, uso umekunjamana, akitafuta kitu ambacho alijua kilikuwapo mahali fulani, kisha uso ukalegea.

"Hapana, Daktari," alisema. "Zilikuwa za huyu. Mimi sijuangi kitu."

Daktari akanigeukia. "Ni kweli, Lona?" Nikasema ni kweli. Akashusha pumzi, nami niliona kwamba ni pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo, kwani kama kosa lilikuwa la kalamu yake Februari, basi orodha yake haikumdhulumu mtu. Alifuta herufi moja kwenye daftari la kwanza, akaandika nyingine juu yake, akafuta na kwenye mstari wa chini. Alitupa peremende mbili kila mmoja, akatuambia twende.

Nje Rona alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Machi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama Daktari amekasirika kwa sababu yake.

Nilimwambia ndiyo.